Supachaja ya umeme pamoja na turbo: inavyofanya kazi kweli, na kwa nini ile feni ya plastiki ya mtandaoni siyo hiyo

MtuWaInjini (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeuanzisha kwa sababu ya kijana mmoja aliyekuja gereji Jumanne na IST yake. Mkononi alikuwa na boksi, na ndani ya boksi feni nyeusi ya plastiki, mdomo wake mpana kama wa kikombe cha chai, yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Aliyemuuzia alimwambia ni turbo ya umeme, na kwamba gari litaongezeka nguvu kwa asilimia thelathini. Kijana alijinyima miezi miwili kuipata.

Sikupenda kumkatisha tamaa kwa maneno, nikaona bora vipimo viseme. Tukaifunga kwenye bomba la hewa, kati ya eya klina na throto, yaani kilango cha kuingizia hewa kwenye injini. Baada ya feni nikachomeka geji ya presha, na waya mwekundu nikaubana kwa mita ya ampea. Tukawasha. Feni ilivuta ampea 4 na kidogo. Gari likiwa linanguruma palepale bila kukanyagwa, mshale wa geji haukutikisika. Kijana akakanyaga mafuta hadi mizunguko 4,000 kwa dakika, mshale ukashuka chini ya sifuri. Maana yake injini ilikuwa inataka hewa kuliko ile feni inavyoweza kupitisha, na feni imegeuka kizibo. Tuliifungua palepale. Kijana alikaa juu ya tairi kuukuu akaitazama ile feni muda mrefu bila kusema neno. Imenikaa moyoni mpaka leo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kitu chenyewe kipo. Supachaja ya umeme ya kweli, yaani pampu ya umeme ya kushindilia hewa ndani ya injini, ipo barabarani tangu 2016, na ni kazi nzuri mno ya uhandisi. Wanaouza zile feni wamejificha nyuma ya jina la kitu cha kweli. Nataka nikieleze kwa hesabu ambazo kila mtu anaweza kuzirudia mwenyewe.

Injini ni pampu ya hewa. IST ya lita 1.5 ikifika mizunguko 6,000 inameza kama lita 4,500 za hewa kwa dakika, yaani lita 75 kila sekunde. Ukitaka kuishindilia hewa kwa nusu baa juu ya presha ya kawaida, kazi hiyo inataka kilowati 6 hadi 7. Sasa pima: starter ya gari kama hilo ni kilowati 1 hivi, na wote tunajua betri inavyolegea ukipiga starter mfululizo. Chukua starter sita au saba, ziendeshe kwa pamoja bila kupumzika. Hiyo ndiyo kazi tunayoizungumzia. Feni ya kijana, volti 12 mara ampea 4, ni wati 50. Ni taa moja ya mbele.

Turbo haipati shida ya hesabu hiyo kwa sababu nguvu yake inaiokota kwenye moshi unaotoka, moshi ambao ungepotea hewani. Moshi unazungusha feni ya upande mmoja, na kwa shafti hiyo hiyo feni ya upande wa pili inashindilia hewa safi. Mswisi Alfred Büchi alilisajili wazo hili mwaka 1905, na hadi leo hakuna aliyepata njia rahisi kuliko hiyo ya kupata nguvu kwenye kitu kinachotupwa.

Ila turbo ina udhaifu mmoja, na anayepanda mlima Kitonga na pikapu ya dizeli anaujua kwa mguu wake. Uko nyuma ya lori, gia ya pili, mizunguko imeshuka hadi 1,300. Nafasi inafunguka, unakanyaga hadi chini, na gari halikusikii. Moja... mbili... ndipo turbo inaamka na gari linaruka. Sekunde hizo mbili ndizo zinazomkuta mtu ubavuni mwa lori huku basi linateremka. Sababu ni moja tu: moshi ni mchache mizunguko ikiwa chini, kwa hiyo turbo haina cha kuisukuma. Inasubiri moshi, moshi unasubiri hewa, hewa inasubiri turbo.

Supachaja ya umeme imebuniwa kwa ajili ya sekunde hizo mbili. Sitaki uzi uwe mrefu kupita kiasi kwenye bandiko moja, naendelea hapo chini.

MtuWaInjini (Mbeya)

Naendelea.

Kabla ya umeme watu walijaribu njia ya mkanda. Supachaja ya kawaida inazungushwa na krenki kwa mkanda, kwa hiyo haichelewi, ukikanyaga ipo. Ila inakula nguvu ya injini muda wote. Lancia mwaka 1985 waliweka vyote viwili kwenye Delta S4 ya mashindano: supachaja ya mkanda kwa mizunguko ya chini, turbo kwa mizunguko ya juu, na gari lilishinda rali yake ya kwanza kabisa, ya RAC Uingereza. Nissan wakafanya hivyo kwenye March ndogo ya cc 930. Volkswagen wakaileta kwa watu wa kawaida mwaka 2005 kwenye Golf GT ya lita 1.4, farasi 170, na klachi ya sumaku inayoikata supachaja pale turbo inapoweza kujitegemea.

Supachaja ya umeme, au kompresa ya umeme kama wengi wanavyoiita, ni wazo hilo hilo, ila mkanda umeondolewa. Audi SQ7 TDI ya 2016 ndiyo gari la kwanza la mauzo ya kawaida kuwa nayo. Injini ni V8 ya dizeli, lita 4.0, ina turbo mbili zinazopokezana, na juu yake kompresa ya umeme iliyotengenezwa na Valeo wa Ufaransa. Mota yake inavuta hadi kilowati 7. Ukikanyaga mafuta, inatoka ilipo hadi mizunguko 70,000 kwa dakika ndani ya robo sekunde. Hujamaliza kushusha mguu, hewa imeshafika.

Angalieni ilivyokaa. Haikuwekwa mlangoni kwenye eya klina kama ile feni. Imekaa baada ya intakula, kile kipozeo cha hewa iliyoshindiliwa, karibu na injini, ili bomba la kujaza presha liwe fupi. Pembeni yake kuna njia ya mchepuko yenye kilango. Moshi ukiwa mchache, kilango kinafunga na hewa yote inapita kwenye kompresa. Turbo ikishaamka, kilango kinafunguka, hewa inapita kando, kompresa inanyamaza. Wala haishindani na turbo: inashika zamu kwa sekunde moja au mbili kisha inamwachia mwenye kazi. Na kwa kuwa injini ilishapata hewa mapema, inachoma vizuri, moshi unaongezeka, na turbo inaamka haraka kuliko ambavyo ingeamka yenyewe. Kwa maoni yangu hapo ndipo utamu wote ulipo.

Matokeo: torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 900 inaanzia mizunguko 1,000. Elfu moja, wakuu. Pikapu nyingi za dizeli tunazozifahamu hapo ndiyo kwanza zinatetema. Gari la tani mbili na zaidi linafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 4.8.

Suala la umeme sasa. Kilowati 7 kwa volti 12 ni karibu ampea 580. Waya wa kubeba huo mzigo ni mnene kama kidole gumba, na alteneta ya gari dogo inatoa ampea 80 au 100 tu. Ndiyo maana walipanda hadi volti 48: mzigo ule ule unakuwa ampea 146. Hawakupanda zaidi kwa sababu ukivuka volti 60 za mkondo mnyoofu, sheria za usalama zinabadilika na kila kitu kinakuwa ghali. SQ7 ina betri yake ya lithiamu ya volti 48, ya watisaa 470, inayoweza kutoa hadi kilowati 13 kwa mpigo. Na msiogope kwamba itakwisha: kilowati 7 kwa sekunde moja ni watisaa 2 tu. Kinachotakiwa ni umeme mwingi kwa muda mfupi sana.

Maswali yakaribishwe.

DerevaWaNyanda

Asante sana mkuu kwa somo. Mimi napeleka mbolea Makambako hadi Songea kwa kenta, na hizo sekunde mbili ulizozisema nazijua vizuri.

Swali langu: huku juu kuna tofauti? Maana gari likitoka Dar linavuta, likifika huku linakuwa zito hata kama hakuna mzigo.

MtuWaInjini (Mbeya)

@DerevaWaNyanda ipo, na ni kubwa. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa imeshuka karibu moja ya sita ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho, haina namna.

Yenye turbo inajitetea, kwa sababu feni ya hewa inaweza kuzunguka zaidi kufidia. Ila inajitetea ikishaamka. Mizunguko ikiwa chini, hewa nyembamba inazaa moshi mchache, na turbo inachelewa zaidi kuliko ingechelewa Dar. Kwa hiyo anayeishi nyanda za juu ndiye anayeteseka na huo usingizi wa turbo kuliko mtu wa pwani, na ndiye ambaye kompresa ya umeme ingemfaa zaidi. Mota ya umeme haijali mwinuko, yenyewe inazunguka tu.

MwanaNakuru

Mkuu umeeleza poa sana. Niko Nakuru, mita 1,850 hivi, kwa hivyo naungana na dereva.

Niliwahi kumiliki wagoni ya Kijapani ya miaka ya tisini yenye turbo mbili zinazopokezana, ndogo kwanza halafu ya pili inaingia. Turbo ya kwanza ilikuwa inaamka mapema, raha tupu. Lakini kati ya ya kwanza kuchoka na ya pili kuingia kulikuwa na bonde. Unapanda kutoka Mai Mahiu, injini inavuta, inavuta, halafu katikati inakufa kidogo kama mtu amekata mafuta, kisha inarudi kwa kishindo. Ukiwa umeanza kupita trela hapo ndipo roho inaruka. Mekanika wawili waliniambia ni gari bovu, wakabadilisha mipira ya vakyumu yote, na bonde likabaki pale pale. Baadaye nilielewa ndivyo mfumo wenyewe ulivyo.

Sasa naona hiyo SQ7 nayo ina turbo mbili za kupokezana. Bonde wamelizibaje?

MtuWaInjini (Mbeya)

@MwanaNakuru swali zuri sana. Kwenye zile za zamani kazi ya kubadilishana ilifanywa na vilango vya vakyumu na mipira mingi mno. Mpira mmoja ukivuja, zamu inaharibika, na hata vyote vikiwa vizima bado kulikuwa na pengo pale ya pili ilipokuwa inaanza kuzunguka.

Kwenye SQ7 kila silinda ina valvu mbili za moshi, moja inapeleka turbo ya kwanza, nyingine inapeleka turbo ya pili. Mizunguko ikiwa chini, ile valvu ya turbo ya pili haifunguki kabisa, na moshi wote unakwenda kwa turbo moja. Ikipanda, kwenye mizunguko elfu mbili na mia kadhaa, kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, inabadilisha kemu na valvu ya pili inaanza kazi. Kwa hiyo mgawanyo unafanyika ndani ya kichwa cha injini, siyo kwenye mabomba ya nje yanayovuja.

Lakini bonde la chini kabisa, lile la kuondoka, hakuna valvu ya kulitibu, kwa sababu moshi haupo. Hilo ndilo wameliachia umeme.

MwanaMaskati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Maskati mwaka wa kumi na moja huu, kazi yangu ni fundi umeme wa magari. Nimeusoma uzi wote na nimefurahi kuona jambo hili linaelezwa kwa Kiswahili.

Nataka niwape niliyoyaona kwa macho. Mercedes mwaka 2017 walileta injini ya silinda sita za mstari, lita 3.0, wanaiita M256. Siku ya kwanza nilipofungua boneti nilitafuta mkanda sikuuona. Nikapitisha mkono mbele ya injini, hakuna. Hakuna mkanda hata mmoja. Kompresa ya eya kondishini ya umeme, pampu ya maji ya umeme. Starter na alteneta vimekuwa kitu kimoja, kimekaa kati ya injini na giaboksi, chenye kilowati 16, na hicho ndicho kinachowasha injini na ndicho kinachozalisha umeme wa volti 48. Ukikanyaga breki kinarudisha umeme betrini, ukikanyaga mafuta kinasukuma kwa Nm 250.

Halafu ndiyo hiyo kompresa ya umeme, ya BorgWarner. Inafika mizunguko 70,000 ndani ya sekunde sifuri nukta tatu. Turbo ni moja tu, kubwa. Na hapa naomba mafundi wenzangu mzingatie: kwa kuwa umeme unashika mizunguko ya chini, waliruhusika kuchagua turbo kubwa ambayo peke yake ingekuwa nzito mno kuamka. Zamani ilikuwa lazima uchague, turbo ndogo iamke mapema na ichoke mapema, au kubwa ichelewe na ivute juu. Hapa hukuchagua. Ile yenye chapa ya AMG 53 inatoa farasi 435 na Nm 520.

Nimeiendesha ya mteja mlima wa Bausher kwenda Al Amerat, mchana wa mwezi wa saba, joto nyuzi 45. Joto hilo peke yake linaipunguza hewa uzito kama asilimia tisa kuliko siku ya nyuzi 15. Ukikanyaga huisikii turbo ikiingia. Hakuna kishindo. Gari linakwenda kama vile injini ni kubwa maradufu. Kilichonistaajabisha ni huo utulivu.

Ushauri kwa mafundi: hichi kitu usikiguse kwa mazoea ya volti 12. Volti 48 haikuui kama umeme wa nyumba, lakini ukigusisha spana baina ya chanya na bodi, cheche yake ni kama ya kuchomelea vyuma. Gereji moja ya jirani kijana alichoma spana na kidole kwa sababu hakutenganisha betri ya 48 kwanza.

MtuWaInjini (Mbeya)

Waalaykum salaam @MwanaMaskati, ahsante sana ndugu yangu. Hilo la kuchagua turbo kubwa ulilolieleza mimi nilikuwa nimelipita, na pengine ndilo la muhimu kuliko yote niliyoyaandika.

BintiHandisi

Shikamooni wakubwa. Nasoma uhandisi wa mitambo mwaka wa tatu. Nina swali ambalo nimelifikiria tangu nianze kusoma uzi.

Kwa nini wahangaike na kompresa mbili, moja ya turbo na moja ya umeme? Kwa nini mota isiwekwe kwenye shafti ya turbo yenyewe? Turbo ikiwa imelala, mota inaizungusha. Moshi ukizidi, mota igeuke jenereta na kuzalisha umeme. Kompresa moja inatosha.

MtuWaInjini (Mbeya)

Marahaba @BintiHandisi. Umefika mwenyewe mahali ambapo wahandisi wa Formula 1 walifika. Kuanzia 2014 hadi mwisho wa msimu wa 2025 kila gari la Formula 1 lilikuwa na mota kwenye shafti ya turbo, inazunguka hadi 125,000 kwa dakika, na inafanya hayo hayo uliyoyaandika, inasukuma na inazalisha. Kanuni za 2026 zimeiondoa.

Kwa magari ya barabarani, Garrett, watengenezaji wa turbo, na AMG, tawi la Mercedes la magari ya kasi, waliileta 2022, kwanza kwenye SL 43 kisha C 43. Mota yenyewe ina unene wa sentimita 4 hivi, imebanwa katikati ya feni ya moshi na feni ya hewa, kwa volti 48. Kwenye C 43 turbo inafika mizunguko 175,000. Injini ni ya lita 2.0, silinda nne, na inatoa farasi 408. Mwaka 2024 Porsche wakafuata kwenye 911 Carrera GTS: wakatoa turbo mbili wakaweka moja yenye mota, kwa volti 400. Na kwa kuwa mota inaweza kuivuta turbo isizidi mwendo, hata kile kilango cha kumwaga moshi wa ziada wamekitoa. Moshi uliokuwa unamwagwa sasa unazalisha umeme, hadi kilowati 11.

Kwa hiyo wazo lako ni sahihi na linafanya kazi. Ugumu wake ni jirani. Mota imekaa sentimita chache kutoka kwenye moshi wenye joto la nyuzi mia tisa na zaidi, na sumaku na waya wa shaba havipendi joto. Tena kila gramu unayoongeza kwenye shafti inayozunguka mara 175,000 inabidi iwe sawia kabisa. Kompresa ya umeme iliyojitenga inakaa upande wa baridi, inapumua hewa iliyokwisha kupozwa na intakula, na ikifa unaifungua peke yake, turbo inabaki nzima. Mimi kama fundi wa gereji naipenda zaidi ile iliyojitenga. Wewe kama mhandisi utaipenda zaidi ile ya shafti moja, na naamini siku zijazo zinakwenda upande wako.

BintiHandisi

Asante sana mwalimu. Nimechora mchoro wa nishati wa zote mbili na sasa naona. Ile iliyojitenga inatumia umeme tu, haiwezi kurudisha. Inategemea breki au alteneta kuijazia betri.

MtuWaInjini (Mbeya)

Sawasawa kabisa.

BahariaWaShaba

Wakuu, nimekaa kimya ila ngoja niseme, maana mnazungumza kama vile jambo hili limeanza 2016.

Mimi ni mhandisi wa melini, nimesomea Dar, sasa niko kwenye meli za makontena. Injini zetu kubwa ni dizeli za mipigo miwili, za silinda ambazo mtu anaingia ndani kuzikagua. Zina turbo kubwa kama gari dogo. Na injini ya mipigo miwili haina mpigo wa kuvuta hewa. Bila hewa ya kusukumiwa haiwezi kusafisha silinda, kwa hiyo haiwaki kabisa. Sasa wakati wa kuondoka gatini turbo imesimama. Nani anaisukumia hewa?

Feni za umeme. Kila injini kubwa ya aina hiyo ina feni mbili au zaidi za umeme kwenye njia ya hewa, na zimekuwapo kwa miaka mingi kabla ya hiyo Audi. Kabla ya kuwasha injini tunaziwasha kwanza. Unazisikia kwenye chumba cha injini kabla ya kitu kingine chochote, mlio mzito unaopanda taratibu mpaka unausikia kifuani. Injini inawaka, meli inatoka taratibu, na feni zinaendelea. Mzigo wa injini ukifika kama asilimia 25 hadi 35, presha ya turbo inatosha, na feni zinazima zenyewe. Ukipunguza mwendo kuingia bandarini zinawaka tena.

Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo kompresa ya umeme na turbo, ila robo sekunde yenu sisi ni dakika kadhaa. Nilipokuwa mwanafunzi wa melini, mkuu wa injini alinisimamisha kwenye paneli tukitoka Mombasa, akaniambia niangalie taa ya feni mpaka izime, na nimwambie presha ya hewa ilikuwa ngapi ilipozima. Sikujua kwa nini. Baada ya miezi ndipo nilielewa kwamba ile taa ndiyo inayokuambia turbo yako ni nzima au imechafuka: zikichelewa kuzima kuliko kawaida, turbo ina masizi.

MtuWaInjini (Mbeya)

@BahariaWaShaba mkuu, miaka ishirini niko kwenye turbo za magari na hili sikuwa nalijua. Naomba swali moja: kwa nini hamjapata shida ya ampea kama magari?

BahariaWaShaba

Kwa sababu meli ina jenereta zake, dizeli nyingine kabisa tatu au nne zinazozalisha umeme wa volti 440 au zaidi. Feni ya kilowati makumi si kitu kwetu. Gari halina jenereta ya pembeni, ndiyo maana mlisubiri hadi betri za lithiamu zije. Wazo mlikuwa nalo, umeme ndio haukuwepo.

DerevaWaNyanda

Je, sisi wa kenta na magari ya zamani tutafunga lini? Naweza kununua hiyo kompresa ya Audi iliyotumika nikaifunga?

MtuWaInjini (Mbeya)

@DerevaWaNyanda nakujibu kwa ukweli kwa sababu hela yako ni ya jasho. Kompresa yenyewe unaweza kuipata kwenye magari yaliyochinjwa. Lakini peke yake ni kopo la aluminiamu. Inataka betri ya volti 48, kigeuzi cha kutoka 12 kwenda 48, kilango cha mchepuko, na kompyuta inayoiambia lini iwake na lini izime, kwa lugha ya gari lake. Ukimaliza hapo, pampu yako ya dizeli inatakiwa kujua kuna hewa zaidi ili iongeze mafuta, la sivyo umeshindilia hewa isiyo na cha kuchoma. Gharama itazidi bei ya injini nyingine.

Kwa kenta yako ningefanya haya kwanza. Kagua bomba kati ya turbo na injini, hasa zile kola za mpira. Zikipasuka kidogo tu, turbo inachelewa mara mbili na utadhani imekufa. Paka maji ya sabuni, mwenzako akanyage, utaona mapovu. Kagua eya klina. Kagua mkono wa kilango cha moshi kwenye turbo kama haujaganda ukiwa wazi. Magari mengi yanayoletwa kwangu kwa malalamiko ya turbo kuchelewa, tatizo ni moja ya hayo matatu.

IST_Nyeupe

Wakuu shikamooni. Mimi ndiye yule kijana wa Jumanne. Fundi alinitumia kiungo cha uzi huu jana usiku nikausoma wote.

Fundi, ile siku sikusema kwa sababu nilikuwa nawaza nitamwambia nini mdogo wangu, maana sehemu ya ile hela tulichanga naye. Nimemwandikia muuzaji nikamtumia picha ya geji uliyopiga, ya mshale ukiwa chini ya sifuri. Hajajibu. Namba yake sasa haipatikani.

Swali langu ni moja. Gari langu halina turbo. Kwa hapa Mbeya, kuna kitu chochote cha halali ninachoweza kufanya likavuta zaidi kidogo kwenye mlima wa kwenda Isyesye, bila kudanganywa?

MtuWaInjini (Mbeya)

Marahaba @IST_Nyeupe. Kipo. Siku ile nilipofungua bomba nilitazama throto yako, ina masizi meusi mduara mzima. Eya klina yako ina vumbi jekundu hadi kwenye mikunjo ya ndani. Plagi sijazitoa, ila kwa mlio wake moja naishuku. Leta gari Jumamosi asubuhi. Throto nitaisafisha bila malipo, wewe nunua eya klina na plagi nne. Tukimaliza tutachomeka geji ile ile mahali pale pale, na utaisoma wewe mwenyewe.

Na ile feni usiitupe. Ije nayo. Nataka niipasue tuone mota iliyomo ndani, @BintiHandisi ameomba picha zake kwa ajili ya kulinganisha na ya Valeo.

BintiHandisi

Ndiyo, tafadhali, na kipenyo cha shafti kama una kalipa.